Fedha za Jabia

Kutoka Shela, kisiwani Lamu, hadi mchanga wa Ras Kitau, kisiwani Manda, si mbali. Maji yakijaa na upepo ukilala, mtu akiita upande wa Manda husikika ng'ambo, na boti ya injini hufika kabla mvutaji hajamaliza sigara yake. Lakini kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mlango ule wa bahari hubadilika tabia. Mawimbi huingia kutoka bahari kuu, boti hupiga kichwa, na abiria hushuka ameloa hadi kifuani. Mwalimu wetu alivuka hapo kwenda kusomesha, viatu mkononi, daftari lake amelizungushia kipande cha turubai na kulificha ndani ya buibui.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimvusha. Tena mimi ni mmoja wa wanabodi wa ile shule. Nayataja mapema yote mawili ili msomaji asidhani kisa hiki anasimuliwa na mtu aliyekuwa amesimama pembeni.

Jina lake silitaji, na shule pia siitaji. Atosheke msomaji kujua kwamba alikuwa mzaliwa wa Faza, huko Pate, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mtoto mmoja na talaka moja. Alikaa Shela kwa shangazi yake, mwanamke mgonjwa wa pumu. Cheti cha ualimu alikuwa nacho. Nambari ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu alikuwa nayo pia. Ajira ya Tume ndiyo aliyokuwa hana.

Nchini Kenya mtu wa namna hiyo huitwa mwalimu wa bodi. Tume huajiri walimu, lakini hawatoshi. Basi bodi ya shule hutafuta mtu wa kuziba pengo, na mshahara wake hutoka mifukoni mwa wazazi. Walimu wawili watasimama mbele ya ubao mmoja, wasahihishe vitabu vya watoto wale wale, wanywe chai ya birika moja. Mwisho wa mwezi mmoja hupata ujumbe wa benki, mwingine hupata alichokileta mzazi. Huyu wetu tulimwahidi shilingi elfu saba kwa mwezi. Kwa pesa hizo alisomesha Hesabu na Sayansi kuanzia darasa la tano hadi la nane, na Ijumaa jioni alibaki na watoto waliochelewa kushika kusoma. Hilo la Ijumaa hatukuwa tumemwambia alifanye.

Na wazazi wenyewe ni akina nani? Upande ule wa Manda kuna wavunja mawe wa Maweni, wengi wao watu wa bara waliokuja kukata tofali za matumbawe wakaishia kuoa na kuzaa. Kuna walinzi na watunza bustani wa majumba ya wageni, kuna wavuvi, na kuna vijana wa dau za watalii. Wote hao, ukiwafuatisha hadi mwisho wa kamba, utawakuta wanamtegemea mgeni anayeshuka kwenye ndege pale uwanja wa Manda. Mgeni akija, nyumba hujengwa, jiwe huuzwa, samaki huliwa, dau hutoka. Asipokuja, hakuna.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kwamba Korona imeingia Kenya. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe, na za kutwa zikafungwa kesho yake. Tarehe 27 ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. (Kafyu sisi wa Lamu hatukufunzwa na Korona, tuliijua tangu mwaka 2014, baada ya yale mashambulizi ya Mpeketoni.) Mwanzoni mwa Aprili watu wakakatazwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, na barabara ya kututoa sisi hupita Kilifi. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amekwenda kwao bara shule zilipofungwa, akakwama huko hadi Julai. Mahoteli yakafunga milango. Uwanja wa ndege ukanyamaza hata sauti ya punda wa ng'ambo ikawa inasikika.

Machi tulimlipa Mwalimu nusu. Aprili hatukumlipa chochote, na hapana aliyeona ajabu. Shule imefungwa, unamlipaje mtu ambaye shule yake imefungwa?

Tatizo ni kwamba yeye hakufunga.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa ikirusha masomo redioni na kwenye televisheni, na katika intaneti kwa walio na uwezo wa kuifikia. Ni kazi nzuri, nisiidharau. Ila nakuomba uvute picha ya nyumba ya mvunja mawe: redio moja ya betri, betri zimechoka na huwekwa juani zipate nguvu ya mwisho, simu ya kisasa moja, nayo ni ya baba, na baba yuko nayo kazini, watoto wanne wa madarasa manne. Kipindi cha darasa la nane kinapokuja, mdogo wao analia, mama anataka kusikia taarifa ya habari, na somo limekwisha. Redio haiulizi kama umeelewa.

Mwalimu alikwenda kuuliza. Alianza na watoto kumi na mmoja wa darasa la nane, chini ya mkwaju, kila mmoja na jiwe lake la kukalia, mawe yamepangwa mbalimbali. Naibu wa chifu akaja kumkumbusha kwamba mikusanyiko imekatazwa, na alikuwa na haki. Basi akawagawa mafungu ya watatu na wanne, akawa anawafuata majumbani, siku tatu kwa juma. Maswali aliyaandika kwa mkono, nakala moja moja, kwa sababu kutoa nakala mjini Lamu ni pesa. Waliokuwa na simu aliwatumia sauti za WhatsApp kwa bando alilonunua yeye. Barakoa aliwashonea kutokana na kanga kuukuu ya shangazi yake, na jioni alipokuwa akirudi alivua buibui mlangoni na kuoga kabla ya kumsogelea mgonjwa. Hofu hiyo aliibeba kila siku. Kama angempelekea shangazi ugonjwa kutoka kwenye nyumba kumi na moja, nani angemsamehe?

Wazazi walimpokea kwa maneno mazuri sana. "Mwalimu, Mwenyezi Mungu atakulipa." Dua hiyo ameisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na mimi nilikuwa mmoja wa waombaji.

Sasa nieleze habari ya boti. Nauli ilikuwa hamsini kwenda, hamsini kurudi. Wiki ya tatu ya Aprili alishuka pale Ras Kitau, akafungua pochi, akaifunga. Nikamwambia, "Wewe vuka tu, Mwalimu. Tutahesabu baadaye." Nililisema kama mtu anavyosema karibu kula huku sufuria tupu. Petroli ilikuwa inanila, wageni hapana, na kumvusha mtu bure nilikuona ni sadaka kubwa. Lakini sikusema bure. Nilisema tutahesabu.

Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe kila mtu kwake, lakini futari ziliendelea kutembea mitaani kama desturi: sahani iliyofunikwa kawa, mtoto anatumwa, "peleka kwa fulani". Zilikwenda kwa wajane. Zilikwenda kwa maalim wa chuo, ambaye naye alikuwa hapati kitu tangu watoto waache kwenda kusoma Kurani. Yeye watu walimkumbuka, kwa sababu kumpa maalim ni jambo tulilorithi. Kwa Mwalimu haikwenda hata sahani moja. Nimelifikiria sana hilo, na jibu ninalolipata ni shati. Mtoto wake alivaa shati lililopigwa pasi. Yeye mwenyewe alitoka na mtandio safi, viatu vimefutwa, kalamu mbili. Sisi watu wa pwani tukiona nguo imenyooka tunahukumu kwamba na chungu kimejaa. Yeye naye alijua hivyo, na ndiyo maana aliipiga pasi.

Hapo ana kosa lake, na kama ni funzo basi na lake nalitaja. Alificha. Unga alikwenda kuununua duka la mbali ili muuzaji wa mtaani asione ni nusu kilo. Ulipomuuliza habari za nyumbani alisema "alhamdulillahi" kwa sauti iliyofunga mlango. Mara moja tu alileta barua kwa bodi. Aliomba chaki, barakoa na pesa ya bando. Chaki tukampa, ilikuwa stoo. Katika barua nzima neno mshahara halimo, na sisi tulifurahi kwamba halimo.

Siku moja ya Juni bahari ilikuwa chafu. Tulipofika katikati ya mlango wimbi likaingia upande wa kushoto. Nikamwomba ashike kata akombe maji. Aliliweka daftari juu ya tumbo la injini ili lisiloe, turubai likafunguka, upepo ukapekua kurasa. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na majina ya watoto na alama zao, mstari kwa mstari, kwa wino wa buluu. Ukurasa wa kulia ulikuwa wa penseli. Niliusoma kabla sijajua ninasoma. Unga nusu. Sukari robo. Mafuta ya kupima 20. Dawa ya shangazi 450. Bando 50. Boti 100. Boti 100. Boti 100.

Nilisema moyoni: mwanamke mwaminifu huyu, hasahau deni la mtu. Nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Nilifika ng'ambo nikafunga kamba, nikamshika mkono akashuka, na kile nilichokuwa nimekisoma sikukiona.

Sasa nije kwenye jabia. Manda haina maji matamu. Ukichimba kisima unapata maji ya munyu, na ndivyo ilivyokuwa tangu zama. Watu wa Takwa, mji ule uliobaki magofu upande wa pili wa kisiwa, walihama katika karne ya 17, na shida ya maji hutajwa miongoni mwa sababu zilizowahamisha. Walivuka wakaja kukaa Shela, na hadi leo watu wa Shela huenda kuzuru na kuomba dua kwenye kaburi la mnara lililoko Takwa. Kwa hiyo shule ya Manda isiyo na jabia la kukingia mvua ni shule ya madumu. Watoto wetu walibeba maji kutoka kwao, au tuliyaleta kwa boti. Miaka mitatu tulichanga fedha za jabia. Kulikuwa na shilingi elfu sitini na mbili, mweka hazina ameziandika kwa mwandiko wake mzuri, na sisi tulizionea fahari.

Bodi ilikutana mwanzoni mwa Juni, watu saba, kila mmoja kwenye kiti chake mbali na mwenzake. Hoja ya kwanza ilikuwa jabia. Hoja ya Mwalimu haikuwa hata kwenye orodha. Aliileta mama mmoja muuza samaki, ambaye mtoto wake alikuwa darasa la nane. Alisema, "Huyu mwalimu anakula nini?" Hakuongeza neno.

Tukatazamana. Mvunja mawe mmoja, mtu wa kutoka Nyanza, akasema kila mzazi atoe mia mbili, hata kwa awamu. Akaambiwa watu hawana. Akasema, basi tuchukue elfu kumi na tano katika fedha za jabia, tumpe, tuzirudishe wageni wakirudi. Hapo nikasimama mimi.

Nilisema mambo matatu, na hata leo nikiyarudia yana sura ya akili. Kwanza, fedha za jabia ni amana. Zimechangwa kwa jambo moja, na amana haichotwi. Pili, mafundi hawana kazi, bei ya ufundi imeshuka, hatutapata tena wakati kama huu wa kujenga. Tatu, na hili ndilo nililolisema kwa sauti ya mtu aliyesikiliza taarifa ya habari: tarehe 23 Mei Rais ametangaza mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake mna shilingi bilioni 6.5 za Wizara ya Elimu, za kuajiri walimu elfu kumi na vijana elfu moja wa kompyuta. "Walimu elfu kumi!" nikasema. "Huyu wetu na cheti chake atakosaje? Serikali itamchukua. Tusubiri."

Mama muuza samaki akauliza, "Kuchangwa ni amana. Na huyu mtoto wa watu tuliyemleta hapa, yeye ni nini?" Mwenyekiti akasema tutalijadili kikao kijacho. Jabia likapita kwa mikono sita.

Nimetumia muda mrefu kujiuliza kwa nini serikali ilikuwa rahisi kwangu kuitaja. Nadhani ni kwa sababu elfu kumi ni hesabu kubwa, na mtu mmoja hupotea ndani yake kwa urahisi. Mwalimu alipeleka maombi yake. Jina halikutoka.

Haikuwa Manda peke yake, hilo nalijua. UNESCO walihesabu walimu zaidi ya milioni 60 duniani walioguswa na kufungwa kwa shule katika miezi ile. Huku kwetu magazeti yaliandika habari ya shule moja ya binafsi kule Mwea ambayo madarasa yake yaligeuzwa mabanda ya kuku. Walimu wa shule za binafsi walirudi shamba, wengine wakauza mboga, wengine wakaendesha bodaboda. Tanzania ilifungua shule zote tarehe 29 Juni 2020. Uganda shule hazikurudi kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, na mwalimu wa binafsi aliyeshika mwiko wa kujengea matofali kwa miaka miwili si lazima aushike ubao tena. Hata wale wa Tume, ambao mshahara wao haukukatika, walikuwa na yao: kufundisha kwa sauti iliyozibwa na kitambaa, darasa limebanana, na habari kama zile za Mombasa mwezi wa Oktoba 2020, shule za sekondari kufungwa baada ya walimu kuambukizwa. Mgonjwa alipata daktari. Mwalimu aliyeogopa hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa.

Lakini ninaposema "haikuwa Manda peke yake" huwa najisikia nikijificha nyuma ya milioni 60. Basi nirudi.

Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Shule zitafunguliwa Januari, na mitihani ya kumaliza shule za msingi na sekondari, KCPE na KCSE, ya mwaka ule haitakuwapo. Watoto wengine walishangilia. Nilimvusha Mwalimu siku iliyofuata. Alikuwa amekaa mbele kabisa, amegeukia Manda, hakusema kitu hadi chombo kilipogusa mchanga. Kisha akauliza, "Ami, ukimwambia mtoto mwaka wake umefutwa, kesho utamwambia alete kitabu gani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia asikate tamaa.

Alikuja tena Julai yote. Watoto ndio waliopungua. Wavulana wawili waliingia Maweni kwa baba zao, maana jiwe likikatwa hulipwa siku hiyo hiyo. Mmoja akaenda bahari. Msichana mmoja tukasikia ameposwa. Mwalimu aliwafuata wanne hao nyumba kwa nyumba, na kwa yule msichana alikwenda mara tatu. Naye ndiye aliyekuwa na uwezo huo. Mimi nikienda kumwambia mvunja mawe amtoe mwanawe mgodini, ataniuliza nimemletea nini, lakini yeye alikuwa ameketi sakafuni kwao, amejua ni hesabu ipi inayomshinda mtoto.

Katikati ya Agosti, tukiwa tunarudi jioni, aliniambia:

"Ami, kesho usiningoje."

"Una safari?"

"Naenda Mombasa."

"Mungu akusahilishie."

"Amina."

Ni hayo tu. Mombasa kwa nani, kwa siku ngapi, sikuuliza. Kumuuliza mtoto wa kike safari yake kunaweza kuonekana utovu wa adabu, na adabu ilinifaa sana jioni ile.

Oktoba wizara ilibadili kauli kidogo: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne warudi tarehe 12. Watoto saba kati ya kumi na mmoja walirudi. Mwalimu mkuu, peke yake, akashika Hesabu, Sayansi, Kiingereza na usafi wa mikono. Tukatuma mtu kwa shangazi. Shangazi akasema mtoto wa mwalimu yuko kwa bibi yake Faza, na mwalimu yuko kwa ajenti, anangoja paspoti.

Huku pwani kwetu neno ajenti halihitaji maelezo. Baada ya mwaka mpya akapanda ndege kwenda Saudia, kazi ya nyumbani.

Jabia lilikamilika Desemba. Ni zuri, siwezi kulisema vibaya: sakafu ya chokaa imelainishwa kama sahani, mdomo umejengwa kwa jiwe la Maweni, lina mfuniko wa bati na kufuli. Machi 2021 chanjo ikafika nchini, na walimu wakawekwa kwenye fungu la mwanzo pamoja na wauguzi na askari; nilipoisikia habari hiyo redioni nilijikuta namtafuta mtu wa kumwambia. Mwezi huo huo watoto wetu saba wakafanya KCPE. Alama zao za Hesabu nimezisoma, sitaziandika. Masika ilipokuja, maji yaliingia jabiani usiku kucha, na asubuhi tulikwenda wanabodi wote kuyatazama. Mwenyekiti alichota kata ya kwanza. Mama muuza samaki hakuja.

Ramadhani ya mwaka huo ilianza katikati ya Aprili. Siku ya nne au ya tano, nimekaa kwenye ngazi za gati, simu ikalia. M-Pesa. Nimepokea shilingi 3,400, jina la mtumaji silifahamu. Ni mtu wa kati, wale wanaopitisha pesa za Uarabuni. Nilidhani ni makosa. Nikaenda kwa muuza duka kumwomba anisomee vizuri, nikamkuta na yeye ameshika simu yake, daftari la madeni liko wazi, anapiga mstari.

"Umeletewa na wewe?" akaniuliza.

Nikarudi botini nikahesabu. Siku tatu kwa juma, kuanzia ile wiki ya Aprili hadi katikati ya Agosti, toa siku bahari ilipotuzuia, toa sikukuu. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa vijiti, kisha nikamwita kijana wangu aandike. Tulipata siku thelathini na tatu. Yeye alikuwa na thelathini na nne. Kijana akakumbuka: ile siku ya wimbi, Juni, tulipovuka mara ya pili kumfuata mtoto aliyesahau vitabu. Mimi nilikuwa nimeisahau safari hiyo. Yeye alikuwa ameiandika.

Nambari yake ya huko niliipata kwa shangazi. Mimi kuandika kwenye simu sikuwezi vizuri, nikamtumia sauti. Nilianza mara nne nikafuta. Mwisho nikamwambia tu kwamba pesa nimezipata, kwamba hakuwa na deni, kwamba nilivyosema tutahesabu sikuwa na maana ile, kwamba watoto wanamuulizia, na jabia limejaa.

Huko Saudia watoto wa shule za msingi walikuwa bado wanasomeshewa nyumbani, kwa ile programu yao ya serikali, Madrasati. Hilo nililijua baadaye. Jibu lake lilikuja usiku, baada ya tarawehe, sekunde kumi na moja. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtoto mdogo anahesabu kwa Kiarabu, anakosea, anarudi mwanzo.

"Ami, nimekusikia," alisema. "Ngoja kidogo nitakupigia. Nasomesha."